Pasi ya Nywele ya Mama Mkwe

Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, vidole vimeshika mafungu ya nywele, pua yake ilipoinasa harufu ile. Ilitoka ndani, upande wa vyumba vya kulala. Haikuwa ya sufuria iliyosahauliwa jikoni wala ya nguo iliyoachwa chini ya pasi. Mtu aliyevuja jasho saluni tangu usichana wake hawezi kuikosea. Hizo ni nywele za mtu, na zinaungua.

"Dada, nivumilie kidogo," alimwambia mteja, akaweka kitana chini na kupenya kwenye pazia lililotenganisha saluni na sebule. Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: kioo kikubwa, viti vya kuzunguka vilivyochoka, na mashine ya kukaushia nywele iliyonguruma kama inasaga mahindi.

Mlango wa chumba cha mama mkwe ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mama, hodi. Kuna kitu kinaungua humo?"

Kitu cha plastiki kikaanguka sakafuni.

"Ni kitambaa," mama mkwe alijibu. "Nilikuwa nanyoosha kitambaa. Rudi kwa mteja wako, mwanangu."

"Hujaungua lakini?"

"Nimesema kitambaa!"

Mama mkwe hakuwa mtu wa kufoka. Msusi alisimama pale akiangalia kitasa, akarudi kwa mteja, lakini mikono yake ilisuka tu; akili ilibaki mlangoni.

Jioni mama mkwe alikuja mezani amejifunga kilemba kilichoshuka mpaka kwenye nyusi. Alimega chakula kidogo, akakitafuna muda mrefu kama mtu anayetafuna karatasi, kisha akasukuma sahani.

"Mpigieni simu yule mzee," alisema. "Mwambieni ndoa haipo tena."

Yule mzee alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mjane mwenzake. Walifahamiana alipompelekea gauni la kupunguza kiuno, gauni likaenda likarudi, likaenda likarudi, mpaka majirani wakaanza kuulizana hicho kiuno kina tatizo gani. Ndoa ilikuwa imepangwa mwisho wa wiki ile ile. Ndugu walishaambiwa, na gauni jipya lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango wa mama mkwe.

Mtu ambaye hakuwahi kuifurahia habari ile alikuwa mwanawe, mume wa Msusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Umeme. Hakuwahi kusema hapana. Yeye alicheka. Mama yake aliponunua viatu vipya alimwuliza kama anakwenda kucheza dansi. Siku alipojaribu lile gauni na kuuliza limemkaaje, Fundi Umeme alisema mbele ya wageni kwamba maharusi wa siku hizi wanatembea na meno yao mfukoni. Wageni walicheka, mama naye akacheka, halafu akaingia chumbani na hakutoka tena mpaka wageni walipoaga.

Sasa Fundi Umeme aliinua uso kutoka kwenye sahani. "Haipo vipi, mama?"

"Haipo. Nimefikiri, nimeona haifai."

"Basi umefikiri vizuri." Akajiongezea mchuzi, na akala kwa hamu ambayo mkewe hakuwa ameiona siku nyingi.

Msusi alimwangalia mumewe anavyotafuna, akamwangalia mama mkwe anavyokitengeneza kile kilemba kisipande juu, akameza maneno yake. Hayakuwa ya mezani.

Asubuhi, mumewe alipotoka kwenda kazini, Msusi alibisha chumbani kwa mama mkwe akiwa na kikombe cha chai.

"Mama, nimekuja kuona."

"Kuona nini?"

"Mimi ni msusi, mama. Harufu ile naijua kuliko ninavyojua harufu ya nyumba yangu."

Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda. Kisha akainua mikono, akaanza kukifungua kile kilemba taratibu, akiwa ameangalia ukutani.

Msusi alijikaza asibadilishe uso. Upande wa kulia, kuanzia kwenye paji mpaka juu ya sikio, nywele zilikuwa zimekatika zikabaki visiki. Vile visiki vilikuwa vigumu, vimefanya vidonge vyeupe kwenye ncha, kama uzi wa nailoni uliopitishwa juu ya mshumaa. Ncha ya sikio ilikuwa imefanya lengelenge. Kwingine kote nywele zilikuwepo, nyembamba, zenye mvi, zimesimama ovyo.

"Nilizipaka mafuta kwanza," mama mkwe alisema. "Mengi tu, ili zisiungue."

"Na zilikuwa zimekauka?"

"Zilikuwa na unyevunyevu. Nilitoka kuoga."

Msusi alifumba macho. "Ukaziweka kwenye moto, zikalia chwaaa?"

"Zikalia. Na moshi ukatoka. Nikajua ndiyo zinanyooka."

"Zilikuwa zinachemka, mama. Maji yale na mafuta yale, ulizikaanga."

"Halafu kile kitu kikaninasa. Nikavuta. Zikaja nazo." Akainama, akatoa kitu chini ya kitanda kilichoviringwa kwenye taulo. Ilikuwa pasi ya nywele ya rangi ya waridi, nyepesi kama mwanasesere, ina swichi ya kuwasha na kuzima basi. Kwenye midomo yake ya bati kulikuwa na nywele zilizogandamana, nyeusi na nyeupe.

"Umeinunua wapi?"

"Kwa yule kijana anayetandaza vitu kando ya barabara. Aliniambia hii ndiyo ya kisasa, haichagui nywele."

"Mama, mimi nina saluni. Ni kuvuka sebule tu."

"Nije nikae kwenye kiti chako, mbele ya wateja wako, niseme nini?" Mama mkwe aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza. "Niseme bibi kizee anataka nywele zilale kama za msichana? Mwanangu angepita pale mlangoni, akatupa neno lake moja, watu wakashika mbavu. Sikutaka makubwa. Nilitaka yule mzee wa watu anione siku moja nimependeza. Nikajifungia kama mwizi, na ona."

Akalia, bila sauti, mikono imeshika lile taulo. Msusi alikaa kando yake, akamshika bega, akamwacha alie. Kisha akaleta maji ya baridi na dawa ya kuungua, akalitibu sikio.

"Sasa nisikilize," alisema. "Ngozi haijaungua, ni hapo sikioni tu. Shina lipo hai. Zitaota."

"Kabla ya harusi?"

"Hapana. Hilo sikudanganyi."

"Basi harusi ya nini?"

Msusi aliichukua ile pasi ya waridi akatoka nayo.

Fundi Umeme aliporudi alimkuta mkewe barazani. Kabla hajavua hata viatu alipewa kile kidude mkononi.

"Hebu kifungue uniambie ubovu wake."

Kazi ilikuwa imemwingia damuni. Alitoa bisibisi mfukoni, akafungua, akachungulia, akaguna. "Hii takataka imetoka wapi? Haina kitu cha kupima joto humu. Ukiiwasha inapanda tu, inapanda mpaka yenyewe iyeyuke. Na hizi sahani zake, ona, ni bati lililopakwa rangi. Rangi imebanduka. Hapa kuna moto, hapa hakuna. Mtu anaweza kujiua. Ya mteja gani?"

"Ya mama."

Bisibisi ilisimama. "Mama gani?"

"Mama yako. Ameunguza nywele upande mzima, ndiyo maana ndoa haipo."

Alikaa chini taratibu. Kisha, kama watu wengi wanaoguswa palipo na kidonda, akatafuta pa kupigia. "Si nilisema mimi? Mtu mzima, mambo ya kujiremba yanamhusu nini? Angetulia tu..."

"Hakuungua kwa sababu ni mtu mzima," Msusi alimkata. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha mumewe. "Kila mwanamke wa mtaa huu anakalia kile kiti changu. Wengine wana wajukuu wakubwa kuliko sisi. Anayeogopa kukikalia ni mama yako peke yake, na anachoogopa ni mdomo wako."

"Mimi natania tu."

"Utani wako umemfungia chumbani na moto."

Fundi Umeme aliigeuzageuza ile pasi. Mtaani watu walikuwa wanarudi makwao, wengine walisalimu, naye hakujibu. Mwishowe alisema, macho yakiwa kwenye bisibisi, "Baba alikufa mikononi mwangu. Wewe unajua. Sasa huyu anakuja, tutamwita nani? Kile kiti cha baba atakaa yeye?"

"Atakaa kwake. Ana nyumba, ana viti, na mama atahamia huko. Baba yako hakuna anayemtoa alipo. Lakini mama yako hajafa, mume wangu. Usimzike."

Fundi Umeme alinyanyuka akaingia ndani bila kula.

Aliyekata shauri alikuwa mama mkwe mwenyewe. Siku ya pili yake alimwita Msusi akamwambia amwite yule mzee. "Nilisema apigiwe simu, lakini mambo haya hayaambiwi mtu kwa simu. Aje aone kwa macho yake. Akitaka kuondoka, aondoke anajua anachokikimbia."

Mzee Cherehani alikuja adhuhuri amevaa koti na kofia, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, maana aliacha kazi mezani. Alikaribishwa sebuleni. Msusi alisalimia, akaleta maji, akataka kutoka, mama mkwe akamwambia, "Kaa, mwanangu." Basi akakaa karibu na pazia.

"Nimeungua," mama mkwe alisema. "Nilitaka kujipendezesha kwa ajili yako nikaharibu. Siendi kwenye harusi nimevaa nywele za mtu mwingine ukaja kushtuka baadaye. Tazama." Akavua kilemba.

Mzee alitazama. Alitazama kama fundi anavyotazama kitambaa kilichopita moto, sehemu kwa sehemu, hana haraka. Kisha akauliza, "Sikio linauma?"

"Linauma kidogo."

"Hilo ndilo la kuangalia." Akainua mkono, akavua kofia yake. Tangu waanze kujuana hakuna aliyekuwa amemwona bila kofia. Kichwa kilikuwa kitupu, kimeng'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa, isipokuwa kijiduara kidogo cha mvi nyuma ya masikio. "Mimi sina hata za kuungua, bibie. Wewe umeficha siku mbili tatu, mimi nimeficha mwaka mzima. Nilikuwa nawaza siku ya harusi nitaivuaje hii kofia."

Mama mkwe alikodoa macho. Kisha akacheka. Kilianza kicheko kidogo, kikapanda, kikamzidi nguvu mpaka akashika kiti, na mzee naye akacheka, kofia iko magotini. Nyuma ya pazia, mteja aliyekuwa anasubiri, ambaye alikuwa amesikia kila neno, naye akaangua.

Wakati huo ndipo Fundi Umeme alipotokea mlangoni. Alirudi kuchukua waya aliousahau. Akasimama. Alimwona mama yake na nywele zile zilizokatika, kichwa kimerudi nyuma, machozi ya kicheko yanamtoka. Hakuwa amemwona akicheka hivyo tangu ugonjwa wa baba ulipoanza. Mzee Cherehani aliharakisha kuvaa kofia.

"Shikamoo, mzee," Fundi Umeme alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia bila kulazimishwa. Akageuka akatoka, waya akausahau tena.

Baadaye mchana ule simu ya Msusi ililia. Alikuwa amejaa povu mpaka viwikoni.

"Niko kwenye duka la vifaa vya saluni," mumewe alisema kwa sauti ya kunong'ona. Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wengi. "Nataka pasi ya nywele, nzuri. Muuzaji ananiuliza, nywele zenyewe zikoje?"

"Za nani?"

"Za mama, za nani tena?"

"Sasa zikoje?"

Mteja aliyekuwa kwenye beseni alifumbua jicho moja kusikiliza.

"Sijui," Fundi Umeme alisema hatimaye. "Nimeishi naye maisha yangu yote na sijui. Wananicheka hapa, mke wangu."

Msusi alijifuta mkono, akaishika simu vizuri. "Ni nyembamba, kavu, zina mvi. Nywele kama hizo haziwezi moto mkali. Tafuta yenye kitufe cha kupandisha na kushusha joto, na iwe inakuonyesha imefika nyuzi ngapi. Sahani ziwe za kauri, zisiwe bati lililopakwa rangi."

"Hiyo naielewa. Kauri inagawa joto sawasawa."

"Haya. Ibane, uiinue usawa wa taa. Ukiona mwanga unapita katikati, hazikutani vizuri, zitakuwa zinavuta nywele. Na isiwe pana. Mama atakuwa na nywele fupi kwa muda, pana itamfikia ngozi."

Alisikia mumewe akibana na kubandua, akibana na kubandua, akimwuliza muuzaji amletee nyingine, na nyingine. Sauti yake sasa haikuwa ya kunong'ona. Mwanamke mmoja alisikika akimwambia, "Kaka, ukimaliza nichagulie na mimi."

Alirudi amelibeba boksi kama kikombe cha ushindi. Alimkuta mama yake amekalia kiti cha saluni mchana kweupe, shuka shingoni, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi wanaangalia. Msusi alikuwa ameshika mkasi. Nusu ya nywele za mama ilikuwa sakafuni.

"Nimeleta," alisema.

Msusi aliifungua, akaipima mkononi, akakubali kwa kichwa, ameridhika. "Umechagua vizuri. Lakini kwa sasa haitumiki."

"Haitumiki vipi? Harusi ni keshokutwa!"

"Nywele hizi zimeumia. Ukizipitisha moto tena, hata uwe mdogo, unazimalizia. Zinataka kukatwa, kupakwa dawa ya kulainisha, na kuachwa zipumzike."

Fundi Umeme alibaki ameshika boksi mbele ya watu wote, kama mtu aliyekuja na zawadi kwenye nyumba isiyo yake. Mama yake alimwangalia kwenye kioo.

"Niwekee, mwanangu," alisema. "Nitaitaka."

Fundi Umeme akaweka boksi mezani, akavuta kigoda, akakaa karibu na kile kiti mpaka nywele zilipokwisha kukatwa. Hakutupa neno hata moja, na wateja, waliomjua, waliangaliana.

Siku ya harusi mama mkwe alitoka na nywele fupi, zimefuata umbo la kichwa, mvi zimeng'aa kwa mafuta kidogo tu. Shingo yake, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, ilikuwa ndefu. Watu waliuliza mtindo ule wa nywele ni wa saluni gani, na Msusi aliwajibu bila aibu. Bwana harusi alikuja kichwa wazi. Aliyemshika mkono bibi harusi kumpeleka kwa bwana harusi alikuwa mwanawe, na walipofika alisema, kwa sauti ya kusikika, "Mzee, mama yangu huyo. Mtunze." Halafu akasogea pembeni kujifanya anaangalia nyaya za taa.

Miezi ikapita. Kila alipokuja kutembea, mama mkwe alipita kwanza saluni kuonyesha zilipofika. Visiki viliota, vikapita sikio, vikafika shingoni. Msusi alizipunguza ncha, akazipaka dawa, akakataa kila alipoombwa ile pasi. Mpaka siku moja alizivuta unywele mmoja mmoja kati ya vidole, akaona zinavutika na kurudi bila kukatika.

"Leo," alisema.

Alizisafisha, akazikausha mpaka hakuna hata dalili ya maji, akimwambia mama mkwe aguse mwenyewe hadi kwenye shina. Akapuliza dawa ya kukinga joto, si mafuta. Akaiwasha ile pasi kwa joto la chini, akaigusisha kwanza kwenye ncha moja ya nyuma, akasubiri, akainusa. Hakuna harufu. Basi akagawa nywele mafungu madogo, akazibana kwa vibanio, akaanza kupitisha, mara moja kila fungu, bila kusimama njiani, mkono unatelemka kutoka shina mpaka ncha.

"Mbona hazilii?" mama mkwe aliuliza, mabega yamepanda kwa hofu.

"Hazina cha kulilia, mama. Shusha mabega."

"Na nyumbani naweza kujifanyia?"

"Unaweza, nitakufundisha. Lakini si kila siku. Siku mbili tatu kwa mwezi, siku zako za kutoka."

"Mimi sasa natoka sana," mama mkwe alisema, akajitazama kwenye kioo kwa pembeni.

Alipomaliza, Msusi alimgeuza kiti. Nywele zililala mpaka shingoni, za fedha na nyeusi, zikicheza kila alipogeuka. Mama mkwe alitikisa kichwa kushoto, akatikisa kulia, akatikisa tena kushoto.

Nje, Fundi Umeme alikuwa juu ya ngazi anafunga taa ya kuangaza kibao kipya cha saluni ya mkewe, bisibisi mdomoni. Aliona kwa chini mwanamke anatoka mlangoni, mwenye nywele zilizonyooka vizuri, na jua usoni mwake likamzuia kuona zaidi.

"Shikamoo mama, karibu tena," alisema kupitia bisibisi, kwa adabu zote anazopewa mteja wa heshima.

"Marahaba, mwanangu."

Bisibisi ilianguka. Nusura aifuate. Alishuka ngazi akiruka vipandio, akasimama mbele ya mama yake, akimwangalia juu mpaka chini na kurudi juu. Msusi, mlangoni, alingoja utani.

Fundi Umeme alipangusa mikono kwenye suruali, mbele na nyuma. "Naweza kugusa?" aliuliza.

Mama aliinamisha kichwa. Mwanawe aligusa kwa ncha za vidole, polepole.

"Laini," alisema. "Mama, ni laini."

"Haya, haya, taratibu," alisema mama, lakini hakuondoa kichwa. "Usinivuruge. Nina mtu ananisubiri."